Somo: Kuijua mbegu ya korosho bila kuipasua

Msimu mmoja nilijaza viriba 200 kwa mbegu zilizong'aa kweli. Wiki ya tano, nusu ya viriba vilikuwa vitupu. Nikafukua mbegu moja: ganda zima, ndani kiini kimesinyaa kama zabibu kavu. Iliniuma sana.

Hatua ya 1. Chambua kwa macho. Toa zenye matobo, ukungu na nyufa.

Hatua ya 2. Mimina zilizobaki kwenye ndoo ya maji, ukoroge kwa mkono ili viputo vya hewa vilivyong'ang'ania ganda viachie. Inayoelea, toa. Iliyozama, ianike kivulini.

Hatua ya 3. Ukibahatika kupata maabara ya mbegu yenye eksirei, hapa ndipo pa kutulia. Panga mbegu kwenye trei zilale ubavu, zisigusane, na kila mstari uwe na namba. Kwenye picha, penye nyama huonekana peupe, penye uwazi peusi. Mbegu njema weupe wake hujaa umbo lote la figo. Ukiona utupu mweusi mpana kati ya kiini na ganda, au vijia vyeusi ndani ya kiini, hiyo imesinyaa au imeliwa na wadudu. Soma namba, itoe.

Hatua ya 4. Picha haioni uhai. Kiini kilichokufa karibuni huweza kutoka kizima kabisa kwenye picha. Kwa hiyo otesha sampuli kwanza, hesabu, ndipo ujaze kitalu.

MASWALI

Ruangwa: Mwalimu, mionzi haiui mbegu?
Jibu: Hapana, kaka. Kipimo cha picha ni kidogo mno. Mbegu ile ile uliyoipiga picha unaipanda.

Nachingwea: Na ufuta wetu?
Jibu: Punje ni ndogo, kwa hiyo hutumika kamera inayopiga picha sahani nzima ya punje kwa rangi nyingi za mwanga, pamoja na infraredi tusiyoiona kwa macho. Nyumbani hesabu punje 100, zilaze kwenye kitambaa kibichi, uone ngapi zitaota.

Tandahimba: Mimi nina simu tu. Nikimulika tochi je?
Jibu: Ganda la korosho halipitishi mwanga, mama, tochi itakudanganya. Baki na ndoo na sampuli. Kwa ushauri wa mikorosho, waulize watafiti wa TARI Naliendele, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania kilichoko Mtwara. Simu itumie kupiga picha sampuli siku ya kupanda na siku ya kuhesabu, ukimrudia muuzaji uwe na ushahidi. Mimi sikuwa nao.