Kabla ya kuwafundisha akina mama kujichunguza matiti: mambo ya kuandaa

Kikundi cha akina mama hapa Uganda kikiomba somo la kujichunguza matiti kuona dalili za kansa, iwe ni kanisani Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, Bombo au sokoni Arua, wengi wetu hukimbilia kutafuta picha za kubandika ukutani. Anza na simu. Piga kituo cha afya kilicho karibu uulize: mama akija na kinundu kwenye titi, nani atampokea, na siku gani? Akihitaji altrasaundi, au kutolewa kipande cha nyama kikapimwe, ataelekezwa wapi? Kwa watu wa Nakivale, rufaa huelekea hospitali ya Mbarara. Wengine hufika hadi Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, Kampala, iliyoanzishwa mwaka 1967. Uliza siku ya kliniki, uliza na nauli ya kwenda na kurudi. Kama hujapata majibu hayo, ahirisha somo. Mama uliyemwonyesha namna ya kupata kinundu, kisha ukamwacha hajui aende wapi, umemwongezea hofu tu.

Nalisisitiza hili kwa sababu kujichunguza peke yake hakutoshi. Mjini Shanghai, China, wafanyakazi wa kike wa viwandani wapatao 266,000 walifuatiliwa kwa miaka mingi, wengine wakifundishwa kujichunguza na wengine wasifundishwe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba vifo havikupungua kwa waliofundishwa, ila wengi zaidi kati yao walitolewa nyama kwa ajili ya vinundu visivyo kansa. Kwa hiyo usiwaahidi akina mama kwamba vidole vyao vitawaokoa. Hata hivyo somo lina kazi kubwa hapa Uganda, ambako wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa umeshasambaa. Mwanamke anayelijua titi lake lilivyo siku zote huwahi kuona likibadilika. Shirika la Afya Duniani linataka zisipite siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni hadi apate jibu, na siku hizo huliwa upesi na nauli inayosubiri mavuno.

Mahali pawe na mlango unaofungwa na mapazia madirishani. Anayefundisha awe mwanamke, na watoto wakubwa wabaki nje. Kama kuna akina mama wasiosikia Kiswahili vizuri, tafuta mkalimani wa kike mapema, na asiwe binti wa mmoja wao. Mama hatauliza habari za chuchu yake mbele ya mwanawe.

Shona titi la mfano. Kitambaa laini, ndani sponji au pamba, kisha ufiche mharagwe mkavu karibu na juu na mwingine ndani kabisa. Utaona mtu anapapasa kwa ncha za vidole, anapita juu ya mharagwe na hausikii. Mwambie alaze vidole vitatu vya katikati, atumie sehemu ile laini ya ndani, azungushe polepole, kwanza kwa kugusa tu, kisha akandamize kidogo, kisha zaidi. Uso wake utakwambia ameupata. Hakuna picha inayofundisha hivyo.

Jipange pia kueleza wakati unaofaa: anayepata hedhi ajichunguze siku chache baada ya damu kukatika, matiti yakiwa hayajajaa, aliyekoma hedhi achague tarehe moja ya kila mwezi. Atazame kwenye kioo mikono ikiwa chini, kisha ikiwa juu. Halafu alale chali, mkono mmoja nyuma ya kichwa, apapase kuanzia mtulinga, ule mfupa ulio kati ya shingo na bega, hadi chini ya titi, na kwapani asiparuke. Cha kutafuta ni badiliko: kinundu kipya, ngozi iliyobonyea au yenye vitundu kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla, damu inayotoka kwenye chuchu, kidonda kisichopona.

Maswali utakayoulizwa unaweza kuyajua leo. Je, simu au pesa ninazoweka kwenye sidiria zinaleta kansa? Hapana. Je, ni kurogwa? Hapana, na anayengoja dawa ya mganga anaupa ugonjwa nafasi. Mbona kinundu hakiniumi? Hili lijibu kwa utulivu na ulirudie, kwani kansa ya titi mwanzoni mara nyingi haina maumivu, na watu wengi hungoja maumivu. Mnyonyeshaji mwenye titi lililovimba na kuwa jekundu huenda ana maambukizi tu, lakini likikataa kupona kwa dawa arudi kituoni. Waambie pia, kabla hawajashika kitu, kwamba vinundu vingi si kansa. Na waume waitwe siku yao, maana nauli mara nyingi hutoka mfukoni mwao, na wanaume wachache nao huugua.

Mwisho, daftari. Mtu mmoja tu alishike na kulifungia: jina la mama aliyeelekezwa, tarehe aliyotumwa, tarehe aliyopata jibu. Wiki mbili zikipita nafasi ya jibu bado tupu, mtembelee nyumbani, peke yako, bila kutaja shida yake mbele ya majirani, na muulize kilichomkwamisha ni nauli, hofu au foleni.