Nyanya ikilegea saa saba mchana, acha pampu ilale

Mwangaluka wakulima wa kando ya Ziwa Victoria. Leo siongelei kitalu wala kufunga kamba, hayo mnayajua kunizidi. Naongelea pampu, maana kiangazi hiki kila nikipita Kayenze saa saba mchana zinanguruma, ukiuliza unajibiwa "afisa si unaona nyanya zimelegea, zina kiu".

Hazina kiu jamani. Jua likiwa kali jani linapoteza maji haraka kuliko mzizi unavyopandisha, mmea unafunga vitundu vya majani na kuyalegeza yasipigwe na jua lote, jioni unasimama wenyewe.

Juzi nimeingia shamba moja, mwenyewe kamwagilia asubuhi na mchana wiki nzima, gambuti inazama, majani ya chini ya njano, vikonyo vimeinama, na shinani vipele vya mizizi mipya inayotafuta hewa. Anasema bado hazijashiba! Mzizi unapumua, ukizamishwa unashindwa kunyonya, jani linalegea, na wewe unaongeza maji. Petroli yako inaisha na mbolea inasombwa kwenda ziwani kulisha magugu maji.

Kiu inapimwa saa 12 asubuhi, jua halijawaka. Kama bado zimelegea, chimba sentimita 15 karibu na shina (sio kukwaruza juu kwa kidole cha mguu, nimewaona), minya udongo. Ukishikana bonge, acha. Ukimwagika kama unga, mwagilia. Wa luseni (udongo wa kichanga) msisubiri bonge la maana, angalieni kama punje zinashikana na kiganja kinabaki na ubaridi.

Sasa kiasi. Nyanya inayozaa, nafasi ya sentimita 60 kwa 50, inataka kama lita 1.5 kwa siku, yaani ile chupa kubwa ya maji ya dukani. Luseni mpe chupa moja kila siku, mbuga (udongo mweusi wa mfinyanzi) mpe tatu kwa mpigo kila siku ya tatu. Saa 12 mpaka saa 3 asubuhi, shinani, usilowanishe majani utaita ukungu. Na usikisie kwa mpira! Jaza ndoo ya lita 20 huku unahesabu, ikijaa kwa sekunde 20 basi shina moja la luseni ni sekunde moja na nusu tu, wengine mnasimama hapo mpaka mmalize kuongea na simu. Tandaza nyasi kavu zisizo na mbegu, sentimita 5 hadi 7, ziache vidole vitatu kutoka kwenye shina.

Ukipatia, jioni majani yanasimama na matunda hayaozi kitako.

Ila ikiwa alfajiri imelegea, majani bado ya kijani na udongo una unyevu, hapo sio maji mengi wala kiu. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, subiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, ni mnyauko wa bakteria. Hakuna dawa ya kupuliza, msidanganywe madukani. Ng'oa na mizizi yake, choma, na zuia maji ya hapo yasitiririke kwenda tuta la jirani, kisha pale panda mahindi, sio bilinganya, pilipili wala viazi mviringo.