Waridi jekundu lisilo na lebo: jinsi ya kulijua jina lake

Mawaridi mengi ya bustani zetu za Limuru na Tigoni yalinunuliwa kando ya barabara au yalitoka kwa jirani, na jina likapotelea njiani. Ninaloulizwa zaidi ni lile la haibridi tii (aina ya waridi lenye ua kubwa moja kwenye kikonyo kirefu), jekundu lililokolea, lenye harufu kali. Watu huliita Mister Lincoln papo hapo. Lakini Mister Lincoln ana ndugu wa baba mmoja mama mmoja, Oklahoma na Papa Meilland: wote ni uzao wa mawaridi mawili, Chrysler Imperial na Charles Mallerin, na walitoka mwaka 1963 na 1964. Picha ya ua moja haiwezi kuwatenganisha.

Hatua ya 1: Anza na pua. Nusa asubuhi, kabla jua halijawaka. Kama hakuna harufu kabisa, waondoe wote watatu. Yamkini una waridi la maua ya kukatwa, kama yanayolimwa Naivasha. Mengi ya hayo harufu yake ni hafifu.

Hatua ya 2: Kagua shina. Fukua udongo kidogo utafute nundu, pale mche ulipobebeshwa, yaani ulipounganishwa juu ya shina la waridi jingine. Tawi linalochipua chini ya nundu ni la shina la chini (hapa Kenya mara nyingi Natal Briar), na maua yake hayatakuambia lolote. Libandue kutoka linapoanzia; ukilikata juujuu kwa mkasi litachipua tena. Mche wa kipande cha tawi hauna nundu, kwa hiyo endelea.

Hatua ya 3: Ushibishe mche kwanza. Waridi lenye njaa hutoa maua madogo yenye petali pungufu, nalo litakupoteza. Pogoa, weka samadi iliyooza vizuri, mwagia shinani, kisha ngoja wiki sita hadi nane lichanue upya.

Hatua ya 4: Hesabu petali. Hapa usiwe na haraka. Chukua ua lililofunguka nusu, tandaza gazeti, chambua petali moja moja kutoka nje kwenda ndani. Zile ndogo zilizojikunja karibu na kitovu zihesabu pia. Rudia kwa maua kadhaa. Mister Lincoln na Papa Meilland huwa na petali thelathini na kitu. Oklahoma kwa kawaida hupita 40, ndiyo maana ua lake ni la mviringo, na tumba lake nene linakaribia weusi.

Hatua ya 5: Mister Lincoln au Papa Meilland? Tazama mche mzima. Mister Lincoln hurefuka sana, wima, na vikonyo vyake ni virefu. Papa Meilland ana petali za mahameli zenye kivuli cheusi, na majani yake hushikwa upesi na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga. Kwa baridi na ukungu wa Limuru karibu kila waridi huugua, basi angalia kama lako limetangulia mengine kuugua.

Hatua ya 6: Rangi iwe ya mwisho. Jua huibadilisha. Waridi la Double Delight, kwa mfano, wekundu wake huenea kwa mwanga wa jua. Likichanulia ndani ya nyumba hubaki karibu jeupe lote.

Andika lebo kwa penseli: "huenda Oklahoma". Neno "huenda" lifute pale tu michanuo miwili mfululizo, mmoja wa kiangazi na mmoja wa baridi, itakapokupa jibu lilelile.