Uliza Kwanza, Tiketi Baadaye: Maandalizi ya Anayerudi Nyumbani Kutoka Ughaibuni

Anayepanga kurudi nyumbani baada ya miaka mingi nje huanza na tiketi. Nakusihi ianze simu ya ubalozini. Misaada mingi ya serikali kwa wanaorejea hufungwa na tarehe, na mingine huombwa ukiwa bado ugenini. Ukishagongewa muhuri wa kuingia, milango kadhaa imeshafungwa.

Tuchukue mizigo. Anayehamia Umoja wa Ulaya kutoka nje husamehewa ushuru wa forodha kwa vyombo vyake ikiwa ameishi nje angalau miezi 12 mfululizo, amevitumia kwa miezi 6 kabla ya kuhama, na ameviingiza ndani ya miezi 12 baada ya kufika. Akishapata msamaha huo, kwa miezi 12 haruhusiwi kuviuza wala kuvikodisha bila kuiarifu forodha na kulipa ushuru. Kila nchi ina hesabu yake, ila nia inafanana: anasamehewa mtu anayehama, si mfanyabiashara. Friji uliyoinunua wiki ya mwisho, ingali kwenye boksi na nailoni yake, itakuponza. Tunza stakabadhi zenye tarehe. Kisha andika orodha ya mizigo kitu kwa kitu. Ukiandika tu “vyombo vya nyumbani, maboksi 14”, usishangae afisa akiyafungua yote 14.

Kwenye kodi nako kuna nafuu ambazo wengi hawazijui. Ureno ilianza mwaka 2019 kuwasamehe wanaorejea kodi ya nusu ya kipato chao cha kazi kwa miaka 5. Poland nayo, kwa waliohamia kuanzia mwaka 2022, haitozi kodi ya mapato kwa kipato cha hadi zloti 85,528 kwa mwaka, kwa miaka 4. Masharti ni marefu, lakini kiini chake ni uthibitisho kwamba kweli ulikuwa unaishi nje. Hapo ndipo watu wanapokwama. Omba cheti cha ukaazi kutoka mamlaka ya kodi ya huko uliko, pakua hati za mishahara za miaka yote, na usiifunge laini yako ya simu mapema. Akaunti nyingi za serikali na benki hutuma namba ya siri kwenye laini ileile, na ikishakatwa, unabaki unaitazama akaunti yako mwenyewe usiweze kuingia.

Mafao ya uzeeni yanahitaji utulivu. Ukiambiwa unaweza kuchukua michango yako yote kwa mkupuo, uliza kwanza kama nchi uliyofanyia kazi na nchi yako ya nyumbani zina mkataba wa hifadhi ya jamii unaoruhusu miaka ya kazi kujumlishwa. Pesa za haraka zinaweza kufuta miaka hiyo.

Kwa asiye na nauli, au asiye na kibali cha kuishi, njia ipo pia. Tangu mwaka 1979, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji limekuwa likisaidia watu kurudi kwa hiari, likishirikiana na serikali: tiketi, hati za kusafiria, na mara nyingine mtaji mdogo wa kuanzia. Naomba sana, usisaini fomu usiyoielewa. Saini hiyo inaweza kumaanisha unaondoa ombi lako la hifadhi ya ukimbizi, na baadhi ya mipango hudai pesa zirudishwe ukihamia tena huko. Dai mkalimani, hata kama foleni ni ndefu.

Mwenzi wako akiwa raia wa nchi nyingine, visa yake iombwe mapema. Na watoto: waliozaliwa nje waandikishwe ubalozini, matokeo yao ya shule yachukuliwe kabla shule hazijafungwa. Vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa vigongwe apostili, muhuri wa kuthibitisha hati uliotokana na mkataba wa The Hague wa mwaka 1961, pale ambapo nchi zote mbili zimeuridhia. Muhuri huo hutolewa na nchi iliyotoa cheti, hivyo ukiusahau, itabidi umtafute mtu wa kukupangia foleni huko ulikotoka.