Samaki wanaohema juu alfajiri hawana njaa

Mvua zikishaanza huku Nyanda za Juu Kusini, simu ninazopigiwa na wafugaji wa perege huanza kama habari njema. "Bwana samaki, siku hizi samaki wangu wana hamu ya kula mpaka basi. Nikifika bwawani saa kumi na mbili nawakuta wote juu, midomo wazi, wananisubiri." Anaendelea kusimulia kwa furaha kwamba huwamwagia ndoo ya pumba, na ikifika saa tatu wameshashiba, wameshuka chini. Simu ya pili huja baadaye. Samaki wanaelea matumbo juu, na anauliza jirani gani kamtilia sumu.

Ndugu mfugaji, samaki wale hawakuwa na njaa. Walikuwa wanakosa hewa, na pumba yako ndiyo iliyowamaliza.

Habari za kuchimba bwawa, kujenga tuta na kuchagua vifaranga nitaziruka. Hayo mnayajua, na wengine mnanizidi. Kosa hili moja ndilo linalowatia watu hasara ya miezi sita kwa usiku mmoja.

Lita moja ya hewa tunayovuta ina oksijeni kama miligramu 270. Lita moja ya maji ya nyuzi joto 25, hata yakiwa yameshiba oksijeni kabisa, hubeba kama miligramu 8 tu, na yakizidi kupata joto hubeba pungufu ya hapo. Perege ni mvumilivu, lakini ikishuka chini ya miligramu 3 huanza kutaabika na kuacha kukua. Akiba yenyewe ndiyo hiyo, na wanaoitumia ni wengi kuliko samaki wako: konokono, viluwiluwi, wadudu wa majini, na zaidi ya wote bakteria wanaoozesha samadi na mabaki ya chakula kule chini.

Anayeijaza akiba hiyo ni ule ukijani wa maji. Ni mwani, vijimea vidogo mno visivyoonekana kimoja kimoja. Kukiwa na jua hujitengenezea chakula na kutoa oksijeni, ndiyo maana bwawa la kijani huwa na hewa nyingi kuliko wakati wowote mwingine saa tisa au saa kumi mchana. Jua likizama, kazi hiyo inasimama, na mwani wenyewe nao unaanza kuvuta oksijeni ileile pamoja na wengine wote. Usiku kucha inatumiwa, haitengenezwi. Kwa hiyo hewa huwa chini kabisa kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na mbili na nusu, saa ileile unayofika wewe na ndoo yako.

Sasa tazama mtego ulipo. Unamwaga pumba saa kumi na mbili. Jua linapanda, mwani unaanza kazi, na saa tatu samaki wanashuka. Wewe unasema wameshiba. Wameshushwa na jua. Hata usingewapa punje moja wangeshuka saa ileile. Pumba uliyomwaga imelowa na kuzama bila kuliwa, maana samaki anayegombania hewa hali. Huko chini inaoza, na kuoza kunakula oksijeni. Kesho alfajiri wanaohema ni wengi zaidi, nawe unaongeza nusu ndoo. Unaendelea hivyo mpaka siku ya mawingu mazito, jua halitoki, akiba haijazwi, na asubuhi yake ndipo unapotafuta jirani wa kumlaumu.

Kumtofautisha mwenye njaa na mkosa hewa si kazi ngumu. Mwenye njaa huja kwa kishindo: akisikia nyayo zako anakimbilia pale unapomlishia, anadaka, anapiga mkia, anapotea. Mkosa hewa hutulia. Midomo imegusa uso wa maji, mashavu yanafunguka na kufunga haraka haraka, wametawanyika bwawa zima au wamejazana pale maji yanapoingilia. Piga makofi. Wakizama na kurudi juu hapohapo, au wasipojali kabisa, weka ndoo chini. Na ukiwakuta juu alfajiri lakini saa tano hawapo, hapo usinipigie simu kuuliza, jibu umeshalipata.

Walioanza kufa watazame pia. Ukosefu wa hewa huanza na wakubwa. Vifaranga huchelewa kufa. Kama umechanganya kambale humo, utawakuta wazima, kwa sababu kambale ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu moja kwa moja. Perege wakubwa wamekufa midomo wazi, kambale wanaogelea, na imetokea alfajiri: hiyo ni hewa, mwache jirani alale. Ikiwa kila kitu kimekufa kwa pamoja, wadogo kwa wakubwa, wadudu na vyura, tena mchana kweupe, hapo fikiria dawa iliyopulizwa shamba la juu yako, na samaki hao wasiliwe wala kuuzwa.

Kinga yote inaanzia kwenye kipimo cha ukijani wa maji, yaani wingi wa mwani unaolishwa na mbolea yako. Chukua mfuniko mweupe wa ndoo, ukate uwe na upana wa sentimita 20, ukaupigilie msumari kwenye ncha ya fito iliyonyooka. Anzia kwenye mfuniko kupanda juu, weka alama kila sentimita 5. Pima kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, jua likiwa mgongoni, kila mara mahali palepale. Uzamishe polepole, na pale mfuniko unapopotea machoni soma alama iliyogusa uso wa maji. Ukipotea kati ya sentimita 30 na 40, endelea na utaratibu wako. Kati ya 25 na 30, punguza mbolea nusu. Chini ya 25, acha mbolea kabisa. Ukifika chini ya 20, acha na chakula, fungulia maji mapya siku hiyohiyo, usingoje kuwaona wanahema. Ukiuona mpaka sentimita 50 na zaidi, hapo ndipo unaruhusiwa kuongeza mbolea. Tahadhari moja: kipimo hiki ni cha maji ya kijani. Maji ya tope la mvua yataupoteza mfuniko kwenye sentimita 10 nawe utadhani una mwani, kumbe una udongo.

Asiye na mfuniko atumie mkono: uzamishe wima, kiganja kimekunjwa kielekee juu. Kiganja kikipotea maji yakiwa yamefika kwenye kiwiko, au karibu yake, uko salama. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono tu, umezidisha.

Mbolea. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Samadi haipimwi kwa tela. Kwa kila meta 100 za mraba za uso wa maji, kwa wiki, ni kilo 5 za kinyesi cha kuku kilichokauka au kilo 10 za samadi ya ng'ombe. Nimesema au, sikusema na. Na ni uso wa maji, si kutoka ukingo wa tuta hadi ukingo wa tuta. Ukipima juu ya tuta unajiongezea eneo ambalo samaki hawaishi. Bwawa lenye maji ya meta 20 kwa 15 ni meta 300 za mraba, hivyo kinyesi cha kuku ni kilo 15 kwa wiki, tena ugawe mara mbili: kilo 7 na nusu Jumatatu, kilo 7 na nusu Alhamisi. Ipeleke ndoo yako kwenye mizani ya dukani mara moja, uchore alama, basi. "Nusu ndoo hivi" na "viroba kama viwili" ndiyo lugha inayoua samaki.

Usiimwage majini. Itie kwenye kiroba cha sandarusi ulichokitoboa matundu, ukifunge kwenye mti uliosimikwa kona ya bwawa, kining'inie majini. Faida yake utaiona siku ya hatari: kiroba unakivuta nje kwa dakika moja, samadi iliyomwagwa huwezi kuizoa. Ukiona mawingu siku mbili mfululizo, kivute, ukirudishe jua likirudi. Anayelisha chakula kamili cha kununua hana haja ya samadi hata kidogo, na bado nawakuta wanaovitumia vyote viwili kwa kiwango kizima.

Chakula nacho kina saa zake: saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Saa kumi na mbili alfajiri ni marufuku. Perege 600 wenye gramu 100 kila mmoja wana uzito wa kilo 60. Asilimia 3 yake ni kilo 1 na gramu 800 kwa siku nzima, ugawe mara mbili. Kinachobaki baada ya dakika 20 ni ziada, kesho punguza.

Mvua za kwanza ndizo mbaya zaidi. Maji yanateremka na samadi ya zizini mpaka bwawani, kwa hiyo mfereji wa kukinga maji upande wa juu uwe umechimbwa kabla ya Novemba. Tena mvua kubwa ya baridi hulipindua bwawa: maji baridi ya juu yanazama, na yale ya chini yasiyo na hewa, yanayonuka kama yai viza, yanapanda. Hata ziwa haliko salama. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 sangara walikufa kwa wingi katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, na wizara inayohusika kule ikataja upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba. Ziwa zima lilishindwa, sembuse kijibwawa chako kando ya vinyungu, bustani zetu za mabondeni.

Ukishawakuta wanahema, vuta viroba nje. Usilishe. Fungulia maji mapya, na yasiingie kwa kutambaa: yaanguke kutoka juu angalau nusu meta, yapige kwenye jiwe yatawanyike, maana matone ndiyo yanayobeba hewa. Wakati huohuo toa maji ya chini, si ya juu. Wengi mna bomba la inchi 4 lililosimama, ambalo hutoa maji ya juu, yaani yale yenye nafuu, na kuyaacha mabaya. Livishe bomba la inchi 6 lililotobolewa matundu upande wa chini, na upande wa juu lizidi usawa wa maji. Hapo yatakayotoka ni ya chini. Theluthi moja ya bwawa inatosha, usilikaushe kwa woga. Kama mfereji wako umekauka, chota kwa ndoo na kuyarusha juu yaanguke, watu wawili watatu, mpaka jua lipande. Asiingie mtu na wavu wala kutembea ndani, tope likitibuka unamalizia kazi.

Chakula rudisha asubuhi watakapokuwa hawaonekani juu, na uanze na nusu ya kiwango. Mbolea ingoje mpaka mfuniko uonekane tena hadi sentimita 40, hata ikichukua wiki tatu. Bwawa likitulia utaona alfajiri maji yako kimya, na samaki wanakuja mbio saa nne.

Maji mabovu uliyotoa yapeleke kwenye mboga zako kwa mfereji. Ukiyaachia kijitoni, unampelekea wa bonde la chini tatizo lilelile, na yeye naye ana perege.