Anayetaka kucheza NCAA: wastani wa shule usikudanganye

Mzazi uliye Marekani, kama mwanao analenga Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya NCAA (shirika linalosimamia michezo ya vyuo), usitulizwe na wastani ulio kwenye ripoti ya shule. NCAA hupiga hesabu yake kwa masomo 16 ya msingi tu, na kima cha chini ni 2.3 kati ya 4.0. A za mazoezi ya viungo hazimo.

Wengi hukwama hapa: masomo 10 kati ya hayo yakamilike kabla ya muhula wa saba, yaani kabla darasa la 12 halijaanza, na 7 yawe Kiingereza, hesabu au sayansi. Alama zake hufungwa hapo hapo. Kurudia baadaye hakupandishi wastani.

Aliyehamia katikati ya sekondari ana mtego wake. Kiingereza cha wanafunzi wageni, ngazi za mwanzo, kwa kawaida hakihesabiwi, kwa hiyo mwaka mzima unaweza kupita bure. Darasa la 9 likianza tu, fungueni orodha ya masomo ya shule yenu yaliyoidhinishwa kwenye tovuti ya NCAA, mlinganishe na ratiba jina kwa jina. Ripoti za shule za nchi mlikotoka kuanzia darasa la 9 nazo hudaiwa, zitafuteni mapema. SAT, ule mtihani wa kuombea chuo? NCAA iliiondoa 2023, ila chuo chenyewe chaweza kuitaka.