Likizo ya mwezi wa sita hiyo, mtoto asome kwa raha zake

Shule zinafungwa na najua wengi mshaanza kutafuta tyusheni, sawa, lakini mi leo naongelea kusoma kule kwa raha, mtoto kajilaza kwenye mkeka na hadithi yake mpaka uji unapoa.

Kikubwa kuliko vyote, usimpe mtihani. Mwaka juzi kijana wangu wa darasa la tano kila akimaliza kitabu nilikuwa namwambia aniandikie muhtasari, ukurasa mzima, haikupita wiki mbili nikakuta kitabu kimefichwa nyuma ya gunia la mkaa. Iliniuma sana. Tangu hapo siulizi maswali, akija kunisimulia mwenyewe naacha ninachofanya namsikiliza, asipotaka basi. Na kitabu kisiponoga aache katikati achukue kingine, mbona hata sisi tunaacha.

Achague mwenyewe. Anayependa mpira mpe gazeti la Mwanaspoti asome Simba na Yanga mpaka achoke, huko nako ni kusoma, wa katuni mwache na katuni zake. Jumamosi mpeleke maktaba ya mkoa, kwa wa Dar ipo ile Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi, ipo tangu 1967 na wengi wetu tunaipita tu na daladala. Azunguke kwenye makabati ashike anachotaka, wewe kaa pembeni. Kama maktaba iko mbali, ingia African Storybook kwenye simu, kuna hadithi za Kiswahili za bure, unazidaunlodi ukiwa na bando halafu anasoma hata likiisha.

Ratiba usiweke, ukisema saa kumi kila mtu ashike kitabu kimeshakuwa kipindi hicho. Viache tu vitabu sebuleni wanapokaa. Umeme ukikatika usiku ndo patamu, washa tochi, mkubwa awasomee wadogo, pakinoga afunge mpaka kesho, watalalamika lakini kesho watamkumbusha wenyewe.

Na anayeenda kijijini, kitabu kiwe kwenye begi, mwambie akamsomee bibi. Wangu mwaka jana alimsomea bibi yake hadithi ya sungura na fisi, bibi akamkatiza, akasema sivyo ilivyo, akamsimulia ya kwao yote mpaka usiku, na mtoto aliporudi kitu cha kwanza kaniomba daftari aiandike. Hilo daftari sijaomba kulisoma, nasubiri aniletee mwenyewe.